Injini Mbili, Tangi Moja

Mimi Getruda sina kinywa cha kufichia mambo, na watu wote wa upande wa Lusu wanalijua hilo. Mume wangu Kasimiri ndiye mpole. Babu yake alikuwa mpagazi wa misafara, naye ni vivyo hivyo: mtwishe mzigo wowote, hasemi neno. Ujana wake aliumalizia Tabora, pale Cheyo, kwa mzee Nassibu fundi wa injini, aliyemlea kama mwanawe. Mzee alimfundisha jambo moja: injini ikisumbua, badilisha kitu kimoja, iwashe, sikiliza. Ukibadilisha viwili kwa mpigo, hutajua kipi kilikuwa na ugonjwa. Vijiji vya Ujamaa vilipoanzishwa tukarudi kwetu, akapewa mashine ya kusaga ya kijiji. Injini moja ya dizeli, kinu kimoja, wala haikuwahi kutusumbua.

Mwaka ule wa kuwasaka wahujumu uchumi, tukaletewa injini ya pili na kinu chake. Wanawake tulipiga vigelegele, maana foleni ilikuwa inatutoa roho. Kasimiri akataka kila injini iwe na tangi lake. Raymundi, mwenyekiti wetu, akaruka kama aliyekalia siafu.

"Tangi lako, tangi langu? Huo ni ubinafsi! Mashine za kijiji cha Ujamaa zitakula sinia moja."

Kamati ikapiga makofi. Haya, injini zote mbili zikaungwa kwenye tangi moja, kwa bomba moja jembamba.

Basi kikawa kioja. Injini ya kwanza peke yake, inasaga. Ya pili peke yake, inasaga. Ziwashe zote mbili, tia mahindi: zinakohoa, zinazimika zote. Unga umekwama kinuni, wanawake wamesimama na ndoo. Kasimiri anatoa hewa kwenye mabomba, anawasha, zinazimika tena. Akahamisha vichujio vya dizeli, cha huku akakiweka kule. Bado. Akabadilisha mikanda. Bado. Wenye akili zao wakasema ile mpya imelogwa. Jamani! Injini ilogwe na nani?

Mwishowe akaniambia, "Mama Damas, tangi likijaa zinakwenda zote. Likipungua tu, zinazimika. Bomba lile halitoshi kuzinywesha mbili. Nikiitundikia ya pili debe lake, nitajua."

Akaenda kumwomba Raymundi ruhusa. Ruhusa! Mtu mzima anaomba ruhusa ya kutundika debe! Raymundi akamjibu, "Unataka debe la pembeni ili uibe dizeli ya wananchi. Jumamosi utajieleza mkutanoni, na mgambo watakupeleka polisi Nzega."

Mwaka ule kuitwa mhujumu hakukuwa utani. Ukishapelekwa, kurudi ni majaliwa. Nililia kwa hasira hadi kichwa kikaniuma, na yeye ameketi tu anapangusa spana zake.

Mkutano ulifanyika uwanjani, mbele ya nyumba ya mashine. Raymundi akasimama, mgambo wawili ubavuni.

"Ndugu wananchi, mhujumu wetu ni huyu hapa, Kasimiri!"

Mume wangu akainamisha kichwa. Mimi nikainuka, khanga nimeifunga kiunoni.

"Ndugu Mwenyekiti, wewe ulizaliwa na mwanamke au uliokotwa? Nani aliwahi kuwanyonyesha mapacha titi moja, wote kwa pamoja? Mungu mwenyewe katoa mawili, wewe unasema ubinafsi!"

Wanawake wakaangua kicheko. Katarina, ambaye ana mapacha kweli, akapaza sauti: "Lete debe!" Hatukungoja kamati. Debe likatundikwa kwenye boriti, likatiwa dizeli, Kasimiri akaunga mpira kutoka debe hadi injini ya pili, akawasha ya kwanza, akawasha ya pili. Tukamimina mahindi huku na huku. Zikasaga, zikasaga, tangi likashuka hadi karibu na kukauka, na hakuna iliyokohoa.

Unadhani Raymundi aliona haya? Thubutu! Akapanda juu ya kiti: "Naishukuru kamati yangu kwa kulitatua tatizo hili. Yaliyopita si ndwele. Mkutano umefungwa."

Si ndwele! Umemwita mume wangu mhujumu mchana kweupe, mbele ya wanawe, halafu si ndwele? Nilikuwa nimeshafungua kinywa, ghafla nikasikia kimya. Injini zote mbili zilikuwa zimezimwa. Kasimiri akatoka mlangoni akijifuta mikono. Tangu tuoane sikuwahi kumsikia akisema kwa sauti ile.

"Ndugu Mwenyekiti, mimi ni mhujumu. Mhujumu hapaswi kugusa mali ya wananchi. Tafuta mwingine aziwashe."

Akakaa kizingitini. Wanawake wenye ndoo wakageuka wote, wakamtazama Raymundi. Naye akawatazama mgambo, na mgambo wakatazama chini, maana wake zao walikuwa kwenye foleni ile ile. Jasho lilimtoka. Mwishowe akanong'ona, "Ndugu Kasimiri, nisamehe. Wewe si mhujumu."

"Sema kwa nguvu!" nikamwambia. "Huku nyuma hatujasikia."