Mahari au Mahali

Bodaboda ilinishusha Igoma, Mwanza, nikiwa na begi lililokatika mkanda njiani kutoka Musoma. Igoma sikuijua. Nilifuata mlio wa cherehani, nikamkuta fundi, Selestina.

Alikuwa akishona kitambaa cha zambarau cha altare. Kando ya cherehani zilining'inia riboni mbili za rangi hiyohiyo.

"Zilikuwa nne," alisema, akipokea begi langu. "Kila Jumapili ya Majilio, hadi Krismasi, nakata moja. Huu mwaka wa sita."

Wa sita wa kumsubiri Gidion, mchumba wake, seremala wa Ukerewe. Kila Majilio Gidion huahidi, "Nakuja kutoa mahari." Baba yake Selestina hataki ndoa bila mahari, na paroko hafungishi harusi mpaka Krismasi ipite. Basi kila Desemba Selestina husubiri mara mbili: pamoja na Kanisa, na peke yake.

Zakia, jirani yake muuza vitenge, alicheka. "Mimi Mwislamu, lakini Majilio nayajua kuliko katekista. Nimeyasubiri naye yote!"

Mkanda wa begi langu ulikuwa umeshonwa nusu simu yake ilipolia. Ujumbe wa sauti. Selestina akaubonyeza, pini mdomoni.

"Selestina, nimepata mahari. Njoo."

Zakia akapiga kigelegele, kisha akakikatiza. "Ngoja. Rudisha. Kasema mahari au mahali?"

Tukarudisha mara tatu. Gidion ni Mjita. Kwake l na r ni mapacha, hata mama yao huwachanganya. Mahari ni ndoa. Mahali labda ni kibanda tu cha kuwekea randa zake. Selestina akampigia: hapatikani.

"Muulize mgeni, si katuambia kazunguka dunia?" Zakia alisema.

Lugha zangu zote hazikunifaa. Nilisikia l, halafu r.

"Basi shoga, subiri apatikane. Si umezoea?"

Selestina akatoa pini mdomoni. "Miaka sita ananiambia 'nakuja'. Leo kasema 'njoo'. Hilo halina l wala r."

Akakata riboni zote mbili kwa mpigo.

"We! Jumapili bado!"

"Nitamwomba paroko radhi. Kitambaa mpe katekista. Kaka, begi nitalimalizia nikirudi."

"Utarudi lini?" niliuliza.

"Nikishaijua herufi."

Akasimamisha bodaboda, akaondoka kuwahi meli ya Nansio, Ukerewe. Mimi nikabaki na mkanda wangu nusu.

Zakia akanisogezea kigoda. "Kaa, mgeni. Sasa tunasubiri sisi wawili."