Mwendesha Pampu Aliyeuhamisha Mto

Mjomba wangu ameendesha pampu ya maji ya mji wetu kwa miaka kumi na minane, na watu wamemzoea kwa jina la Presha, maana bomba likitoa maji kwa kudondosha ndiye anayetafutwa kwanza. Nyumba ya pampu ni chumba kimoja: mashine mbili, kiti kisicho na egemeo, sakafu nyeusi kwa grisi, na dirisha linalotazama mto. Hatua mia mbili juu ya hapo mto hugawanyika. Mkono wa kushoto hupita chini ya dirisha lake. Wa kulia huzunguka nyuma ya mashamba. Mji mzima hunywa kutoka mkono wa kushoto.

Adui wa mjomba ni mchanga. Mto huusomba milimani na kuuleta hadi kwenye mdomo wa bomba, na pampu huvuta maji, mchanga ikauacha papo hapo. Kila asubuhi yeye huuzoa kwa koleo, toroli nne, siku nyingine sita. Zamani aliumwaga upande wa chini, kina mama wanaofua huko wakamjia juu. Ndipo akaanza kuusukuma hadi kwenye panda ya mto, mlangoni mwa mkono wa kushoto, penye kokoto ngumu ambapo toroli haizami. Na kwa kuwa hapendi kazi ya nusunusu, alipanda matete juu ya rundo lile, mstari kwa mstari, mchanga usije ukarudi.

Jumanne moja, baada ya mvua kubwa kupiga milimani, aliwasha pampu saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Mashine ikakohoa. Akaizima, akaiwasha tena, ikakohoa vilevile. Alikuwa bado ameshika spana alipochungulia dirishani, na spana ikamponyoka.

Mto haukuwepo.

Bomba lilikuwa linaning'inia juu ya mchanga mbichi. Samaki wadogo walikuwa wakirukaruka kwenye vidimbwi. Mkewe, aliyekuwa amemletea chai, alisimama mlangoni na chupa mkononi.

"Baba watoto, maji yako wapi?"

"Unaniuliza mimi?"

"Nimuulize nani? Wewe si ndiye Presha?"

Mjomba hakucheka. Walipandisha wakifuata mkono mkavu, viatu vikizama, hadi kwenye panda. Mto wote, mwekundu na mnene, ulikuwa unakwenda kulia. Mlango wa kushoto ulikuwa umezibwa na tuta refu kupita kimo cha mtu, na juu ya tuta matete yamesimama vizuri, ya kijani, kwa mistari. Mjomba akakaa chini.

Injinia wa idara ya maji alifika saa nne, binti mwenye buti zilizochakaa. Alipanda tuta, akashuka, akaandika.

"Mto ni mchukuzi, mzee," alisema. "Ukipunguziwa mwendo unatua mzigo. Mzigo ukitua, njia inainuka, maji yanapungua zaidi, mzigo nao unazidi kutua. Mkono mmoja unajifunga, mwenzake unajichimba. Hili limeanza miaka mingi, mvua ya jana imemalizia tu. Wakulima wa juu wamelima hadi kingoni, nitaandika hivyo."

Kalamu ikasita.

"Ila haya matete ndiyo yaliyonasa mchanga. Yamejiotea?"

Mkewe alimtazama mjomba, akatazama pembeni. Neno moja tu lilitakiwa, na kazi yake ya miaka kumi na minane ingebaki salama.

"Nimeyapanda mimi," alisema. "Na mchanga wa chini yake nimeuleta mimi. Kwa toroli."

Injinia alifunga daftari polepole.

"Nani alikuagiza?"

"Hakuna. Bidii yangu tu."

Yule binti hakugomba. Alikaa kwenye tuta karibu naye.

Mchana foleni ya ndoo ilikuwa imefika barabarani, na watu walikuwa wanawalaani wakulima wa juu. Mmoja alisema jioni waende wakawafunze adabu. Mjomba aliyasikia hayo, akapita katikati ya ndoo.

"Waacheni. Mto nimeuhamisha mimi."

Hapo kinyozi, ambaye ulimi wake haujawahi kulala njaa, akasema, "Mzee Presha, kitanda tu mwezi uliopita tulikuhamishia watu wanne. Leo mto?"

Wakaangua kicheko. Mjomba alingoja kiishe.

"Njooni muone."

Walimfuata kama thelathini, bado wakitaniana. Walipofika kwenye panda, mizaha ilikauka mmoja baada ya mwingine. Maji yote yalikuwa yanakwenda kulia, na mbele yao mistari ya matete ilikuwa imenyooka kuliko ya shamba lolote mjini. Mama mmoja aliweka ndoo chini, akajishika mdomo. Kinyozi alitembea kutoka mstari hadi mstari, midomo ikihesabu bila sauti.

"Picha ya harusi yangu nilipigia hapa," alisema mwishowe. "Tena nilikusifia, mzee. Nilikuambia uongeze."

"Uliniambia."

"Na ukaongeza?"

"Mistari mitatu."

Kinyozi akakunja mikono ya shati.

Injinia aliwaonyesha pa kupasua tuta: mfereji mwembamba kwanza, maji yajichimbie yenyewe. Ripoti, alimwambia mjomba, ataiandika kama ilivyo, na mengine ataamua mkubwa wa ofisi. Mjomba aliitikia kwa kichwa. Akapokea jembe, akaenda kwenye shina la matete lililo nene kuliko yote. Alilipiga mara tatu. Halikutikisika.