Alitangulia Yeye, Nikafuata

Sogea karibu unisikilize, wewe unayesoma bila taabu. Nitakueleza polepole, hatua kwa hatua, kama nilivyozoea kueleza darasani. Pale utakapoona nimerudia jambo, nivumilie. Nilifundisha watu wazima kwa miaka mingi, na mtu mzima hupenda kuambiwa mara mbili bila kuchekwa. Nakuomba kitu kimoja tu: usifanye haraka kunihurumia. Anayestahili huruma katika habari hii si mimi.

Katikati ya miaka ya sabini nilikuwa karani wa maktaba ndogo ya umma pale Njoro, mjini Moshi. Kilikuwa chumba kimoja kirefu chenye paa la bati, rafu tatu za vitabu, meza mbili na mabenchi. Asubuhi nilipiga mihuri vitabu vya watoto wa shule. Alasiri, mara mbili kwa juma, siku za soko, chumba kile kiligeuka kuwa darasa la watu wazima. Kila kitu kilikuwa bure: masomo, daftari, penseli. Taifa lilikuwa limeamua kila mtu ajue kusoma na kuandika, na mimi niliamini kwa moyo wote. Sitajidai leo kwamba nilikuwa mjanja wakati ule.

Siku za soko zilichaguliwa kwa ajili ya akina mama. Waliteremka na ndizi kichwani toka alfajiri, wakauza, wakanunua chumvi na mafuta ya taa, na kabla ya kuupanda mlima tena wakapita kwetu. Mmoja wao alikuwa mama mjane kutoka Uru, kule mlimani, aliyepita miaka hamsini, vidole vyake vyeusi kwa utomvu wa migomba usiotoka hata kwa sabuni. Siku ya kwanza nilimwuliza, kama nilivyowauliza wote, kwa nini anataka kusoma.

"Shemeji yangu anajua kusoma," alinijibu. "Mimi nina kihamba, yeye ana kalamu. Nataka na mimi niwe na kalamu."

Kama huujui mlima wetu, ngoja nikueleze. Kihamba ni shamba la ukoo linaloizunguka nyumba: migomba juu, kahawa kivulini chini yake, ng'ombe zizini, na kaburi la mwenye nyumba humo humo. Hutoka kwa baba likaenda kwa mtoto wa kiume. Mama huyu hakuwa na mtoto wa kiume. Alikuwa na mabinti wawili, wote wameolewa mbali. Maana yake, alikaa juu ya kaburi la mumewe kwa heshima ya ukoo tu, na heshima hiyo ilikuwa mikononi mwa mdogo wa marehemu. Kumfukuza wazi mjane kungekuwa aibu mbele ya ukoo, lakini siku shemeji atakapochoka kuheshimu na kupata njia, mama atafute pa kwenda.

Darasa letu lilikuwa na vicheko vingi. Mimi mwalimu ndiye niliyeanza kwa kuwaamkia wanafunzi.

"Shikamooni!"

"Marahaba, mwanetu! Haya, tufundishe."

Alikuwepo fundi baiskeli mmoja wa pale Njoro, mtu wa maneno mengi, aliyependa kumchokoza yule mama.

"Mama wa Uru, ndizi zimekwisha sokoni, sasa umekuja kuuza nini hapa?"

"Wewe kazibe pancha. Herufi niachie mimi."

"Herufi gani? Juzi umeishika penseli kama unachochea supu ya mtori!"

"Mtori wangu ungeuonja usingekuwa mwembamba hivyo, baba."

Benchi zima lilicheka, na mimi nikacheka nao. Nilimpenda yule mama. Wote niliwapenda, na ndiyo sababu ya makosa yangu.

Sasa sikiliza vizuri hapa. Kitabu tulicholetewa kilitaka tuanze na silabi, ma, me, mi, majuma kwa majuma, ndipo tufike kwenye maneno. Niliona watu wanachoka. Mtu amebeba mkungu wa ndizi tangu alfajiri, halafu aimbe ma, me, mi mpaka jioni? Juma la tatu nusu ya benchi ilikuwa tupu. Basi nikabuni njia yangu. Nilianza na jina. Kila mtu nilimfundisha kwanza kuandika jina lake lote, na kulitia kama sahihi, kwa mkunjo wa mwisho ulio mzuri. Watu walirudi nyumbani wakiruka. Mama wa Uru aliandika jina lake kwenye daftari, kwenye karatasi ya sabuni, kwa kijiti kwenye vumbi la njiani. Benchi likajaa tena. Nilijiona nimegundua dawa.

Kusoma nako nilikufanya kuwe kwepesi. Nilisoma mstari kwa sauti, wao wakifuata kwa kidole na kuurudia. "Huyu ni mkulima." *Huyu ni mkulima.* "Mkulima anachuma kahawa." *Mkulima anachuma kahawa.* Kwa pamoja, kwa sauti moja, kama kanisani. Aliyepita barabarani akatusikia alidhani hapa wamekwisha kuelimika wote.

Siku ya mtihani alikuja msimamizi kutoka ofisini, mtu mwenye kalamu mbili mfukoni. Alitaka majina ya waliofaulu. Hakutaka zaidi ya hapo. Gari lilimngoja nje. Mimi niliwaita mmoja mmoja mezani, yeye akisikiliza huku akipanga makaratasi yake. Zamu ya mama wa Uru ilipofika, nilimfungulia kitabu ukurasa wa mavuno. Akaweka kidole, akasoma. Alisoma wote, bila kukwama, kwa sauti ya kupendeza.

Lakini kidole chake kilikuwa kwenye picha.

Nilikiona. Kilipanda juu ya kikapu kilichochorwa, kikateremka pembeni ambako hapakuwa na neno hata moja, na mdomo ukaendelea kusema maneno yote sawasawa. Alikuwa ameukariri ukurasa kwa kusikia. Nilijua dakika ile ile. Nikasogea kidogo, mgongo wangu ukamziba msimamizi. Nikasema, "Vizuri sana, mama," nikaandika kwamba anajua kusoma na kuandika, nikatia sahihi yangu. Nilijiambia ninamtia moyo. Nilijiambia ataendelea kuja, atakamilisha pole pole. Alipewa cheti, akakiviringisha ndani ya khanga, na nyumbani akakitundika ukutani karibu na picha ya Bikira Maria.

Hakuja tena darasani. Kwa nini aje? Amekwisha kufaulu.

Yaliyofuata aliniambia mwenyewe baadaye. Jumapili moja baada ya misa shemeji alifika na wazee wawili wa ukoo, kibuyu cha pombe ya mbege, karatasi iliyopigwa taipu, na pedi ya wino wa dole gumba. Akasema kahawa ya marehemu haiwezi kupokelewa tena na wanunuzi kwa jina la marehemu. Mama atie dole ili ipokelewe kwa jina lake. Mama alipoiona ile pedi aliinuka kwa fahari.

"Ondoa uchafu wako, shemeji. Mimi siku hizi natia sahihi."

"Ala! Kumbe tumepata mwalimu nyumbani," shemeji akasema. "Basi tusome kwanza, shemeji, usije ukasema nimekudanganya."

Akasoma kwa sauti, mstari kwa mstari, mambo ya kahawa, na mama akafuata kwa kidole na kurudia, kama nilivyomfundisha. Wazee wakatikisa vichwa kwa mshangao. Mwisho akatia jina lake lote, na mkunjo wake mzuri.

Karatasi haikuwa ya kahawa. Ilisema kwamba yeye, kwa hiari yake na mbele ya ukoo, anakiachia kihamba kwa shemeji yake, naye atahamia shamba la mahindi la marehemu huko tambarare, upande wa Chekereni. Miezi michache baadaye shemeji alianza kukata migomba ya zamani apande yake. Mama akaenda mahakamani.

Siku moja kabla ya kesi alinijia maktabani asubuhi, akiwa amevaa viatu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Mwalimu, kesho uje ushuhudie. Uwaambie mimi si mjinga. Wanasema mwanamke wa migombani hana akili. Wewe una sahihi yako kwenye cheti changu."

Nilikwenda. Chumba kilijaa watu wa ukoo. Hakimu, mtu mpole, aliinua ile karatasi.

"Mama, sahihi hii ni yako?"

"Ni yangu."

"Ulisoma kabla ya kutia?"

"Nilisoma, mheshimiwa. Lakini nilipoisoma mimi, ilikuwa ya kahawa."

Watu waliangua kicheko. Shemeji alitazama chini kwa adabu. Hakimu akawanyamazisha, akauliza tena taratibu, kwa sauti ya mtu anayetaka kusaidia: "Mama, niambie kweli. Unajua kusoma, au hujui? Mtu asiyejua kusoma, sheria humtazama kwa namna nyingine."

Huo ulikuwa mlango, ameufungua hakimu mwenyewe. Mama hakuuona. Alifunua khanga, akatoa cheti, akakikunjua kwa mikono miwili.

"Najua, mheshimiwa. Na mwalimu wangu yule pale."

Nikaitwa mbele. Niliulizwa kama sahihi iliyo chini ya cheti ni yangu. Nikasema ni yangu. Nikaulizwa kama niliyoyaandika ni kweli, kwamba mama huyu anajua kusoma na kuandika.

Neno moja lingetosha. Ningesema hapana, karatasi ya shemeji ingeyumba. Nilimtazama mama. Alikuwa akinitazama kwa uso uleule wa siku ya mtihani, akinitikisia kichwa, haya, sema. Kwa miaka mingi nimejiambia kwamba sikutaka kumwaibisha mbele ya watu wale. Ni kweli nusu. Nusu ya pili ni kwamba cheti cha uongo kilikuwa na jina langu, na kazi yangu niliipenda.

"Ndiyo, mheshimiwa," nilisema. "Anajua."

Mama akatabasamu.

Hukumu haikuchukua muda. Msomi ametia sahihi kwa hiari yake, mbele ya mashahidi. Karatasi ni halali. Tulipotoka nje alinishika mkono.

"Mwalimu, imekuwaje? Umesema najua, wao wakasema niondoke?"

Nilimketisha kwenye ukingo wa ngazi. Alikuwa na nakala ya ile karatasi. Nikamwambia, "Nisomee hii, mama."

Akaitandaza gotini. Akaweka kidole kwenye mstari wa kwanza. Nikangoja. Naye akangoja. Kisha akanitazama kwa mshangao wa kweli.

"Sasa mbona hutangulii?"

Yeye akaendelea, sauti ikipungua: "Hivyo ndivyo tulivyofanya na shemeji. Alitangulia yeye, nikafuata, mpaka mwisho." Kidole kikabaki pale pale. Kisha akauliza, "Mwalimu, kumbe nilikuwa sijui?"

Nikaikunja ile karatasi, nikamrudishia.

Alihama kabla ya mvua za masika. Watu wa mlimani wana desturi: mtu aliyekosa akija kwako na jani la isale, ule mmea wa mipakani, huna ruhusa ya kumkatalia msamaha. Mimi si wa mlimani, baba yangu alikuja Moshi kwa kazi ya reli, lakini fundi baiskeli alinishauri. "Beba isale, mwalimu. Hawezi kukufukuza." Nililichuma kule Rau, nikalifunga vizuri, nikateremka tambarare kwa baiskeli yake. Nilimkuta kwenye kibanda cha udongo katikati ya mahindi yaliyonyauka, jua limemfanya mweusi zaidi, hakuna mgomba hata mmoja wa kumkinga. Nilikuwa nimebeba pia kitabu kipya, kikubwa cha herufi.

Nikampa isale kwa mikono miwili, nikamwambia yote: kidole, picha, mgongo wangu uliomziba msimamizi. Alisikiliza mpaka mwisho. Akalichukua jani, akalichomeka kwenye ukuta.

"Isale nimeipokea," alisema. "Ningefanyaje? Ni isale. Lakini kitabu chako rudi nacho."

Akaingia kuwawekea kuku wake maji. Nilirudi nimesamehewa na desturi. Yeye mwenyewe hakutamka kwamba amenisamehe, wala sikumwona tena. Niliambiwa alizikwa hukohuko tambarare, mbali na mumewe. Shemeji alipata kahawa nzuri miaka ile.

Niliendelea kufundisha. Walionisifu kwa wingi wa waliofaulu walishangaa waliofaulu walipopungua, na mwishowe darasa likafungwa kwa kukosa matokeo. Sikulalamika.

Labda nawe utamfundisha mtu mzima kusoma: mama yako, mlinzi, jirani. Siku atakapokuambia sasa anajua, usimfungulie kitabu mlichosoma pamoja. Chukua karatasi ambayo hajawahi kuiona wala kuisikia, mwekee mbele yake, kisha ufunge mdomo wako. Usitangulie hata silabi moja. Ngoja mpaka afike mwisho peke yake, halafu mwulize imesema nini.