Manesi wawili na korti ya Amerika

Wiki hii kwenye basi la kwenda mtaa wa Shard End, huku ughaibuni, nyuma yangu walikaa manesi wawili wakibishana kwa Kiswahili, tena kwa sauti, wakidhani hakuna anayewasikia.

"Korti ya Amerika haijakataza kutoa mimba," alisema mmoja, akigonga kiti changu kwa kidole. "Imesema kila jimbo liamue. Watu wapige kura. Sasa shida iko wapi? Uhai ni wa Mungu."

"Dada yangu mimba ilimharibikia huko," mwenzake akasema. "Anavuja damu, na daktari anamwambia ngoja kwanza niulize wakili. Hiyo nayo watu waipigie kura?"

Kidole kikaacha kugonga. Nikajua sasa mwenye dada atajibiwa kwa Biblia. Lakini yule wa korti aliuliza tu, "Yuko hai?"

"Yuko. Jana amekula ugali."

"Asante Yesu!" nikasema mimi, ikanitoka kwa nguvu.

"Woi, shosho! Kumbe nyanya yetu unatusikia?"

Tukacheka wote watatu. Yule wa korti akamshika mwenzake mkono. "Mimi kutoa mimba bado sikubali. Lakini dada yako angetibiwa hapo hapo, wakili wa nini?"

"Na sheria ndiyo iliyomleta huyo wakili," mwenzake akasema, lakini mkono hakuutoa.

Kwetu ugomvi wote wa familia huletwa kwangu, na nimeona watu wakishinda kesi wakapoteza ndugu. Hawa hakuna aliyeshinda. Walishuka kwenye mvua chini ya mwavuli mmoja, bado wanabishana, na mimi nikamshukuru Mungu.