Watu wa Kamba

Hasamba, juu ya mashamba ya kahawa ya kwetu, kuna kichaka ambacho watu hawakati kuni. Nilikuwa mtoto, nachuma kahawa na mama, niliposikia wanawake wakiimba humo ndani mchana kweupe. Ukungu ulikuwa umeshuka hadi kwenye mibuni. Hawakuimba Kinyiha wala Kiswahili. Neno moja tu lilinikaa sikioni: mayo, mayo.

Wachumaji wenzetu walibeba vikapu vyao wakaondoka bila kuaga. Mmoja alimgeukia mama akasema, "Wenu hao. Waambie wanyamaze."

Mama aliendelea kuchuma.

Nilikuja kuelewa polepole kwa nini ni wetu. Watu walituita watu wa kamba, kwa sababu mama aliyeanzisha ukoo wetu hakuzaliwa hapa Mbozi. Alifika amefungwa kamba, katika msafara wa watumwa uliokuwa ukielekea pwani. Alipougua wakamtupa njiani, na familia moja ya hapa ikamwokota. Sisi wajukuu zake tulikuwa weusi kama majirani zetu, tukilima kama wao, tukikaa nao benchi moja kanisani. Ila kwenye misiba sahani zetu zilioshwa kando.

Nilipochumbiwa, mama wa yule kijana alikuja nyumbani mwenyewe. Alikataa kiti.

"Wewe sina ugomvi nawe, mwanangu," alisema. "Ni damu. Damu iliyouzwa hatuichanganyi na yetu."

Ndiye aliyekuwa kiongozi wa kwaya ya akina mama. Jumapili iliyofuata aliongoza wimbo wa upendo wa Mungu, macho ameyafumba. Nikatoka nje. Kanisani sikurudi kwa miaka mingi.

Nilihamia Tunduma, mpakani, nikapanga chumba mtaa wa Chapwa, nikawa nauza vitenge. Siku moja mteja kutoka Zambia alijikwaa kwenye kizingiti cha duka, akashika kidole cha mguu na kulia, "Mayo!"

Lilikuwa neno lile la kichakani. Nikamuuliza amesema nini.

"Mayo si ni mama?" Alicheka huku akisugua kidole. "Kwetu Wabemba ukiumia unamwita mama."

Juma hilo hilo nilipanda kwenda Hasamba. Nikamkuta mama anaanika kahawa, nikamuuliza bila kuzunguka: siku ile kichakani, waliokuwa wakiimba ni akina nani?

"Bibi yako," alisema. "Alikuwa akienda kumwimbia yule mama wa ukoo. Huyo ndiye aliyezikwa humo. Makaburini walimkataa."

"Lakini mimi nilisikia wengi."

Mama aligeuza kahawa kwa kiganja, akaigeuza tena. "Bibi yako alikuwa akienda peke yake. Nami nilisikia wengi. Ndiyo maana sijawahi kukanyaga pale."

Asubuhi iliyofuata tulikwenda wote wawili. Ndani ya kichaka palikuwa na baridi ya ajabu, na hakuna ndege aliyelia. Tulitafuta kaburi moja. Tukakuta rundo la mawe lililoota kuvu, kisha jingine nyuma yake, kisha mengine yakiendelea kuingia gizani chini ya miti. Hatukuwa tukijua. Msafara ule haukutupa mmoja tu.

Mama alianza wimbo aliofundishwa na bibi. Alipofika kwenye mayo, akaitikiwa. Sauti zilitoka nyuma ya miti, za chini, za wanawake. Nilijiambia ni mwangwi. Kisha mama akasahau maneno, akanyamaza, nazo zikaumalizia ubeti.

Alinishika mkono kwa nguvu. Hatukukimbia.

"Walikuwa wanamwitikia bibi yako," alinong'ona.

Mama alikwenda kumweleza mchungaji, mtu wa Ileje ambaye hakuwa na siku nyingi pale. Jumapili alisimama mimbarani akauliza waumini, "Mnamsifu Mungu aliyewatoa Waisraeli utumwani. Mbona wana wa waliotoka utumwani hapa kwenu mnawatenga?" Baadhi walitoka nje. Baada ya ibada alitangaza kwamba anakwenda kuwaombea waliozikwa kichakani, na anayetaka amfuate.

Tulikuwa wachache. Mwishoni kabisa alikuja yule mama wa kwaya, sasa mzee, kwa fimbo.

Mchungaji aliomba. Nilisubiri zile sauti, hazikuja. Badala yake yule mama alisema ghafla, "Nani amenishika mkono?"

Hakukuwa na mtu karibu naye. Fimbo ilimdondoka. Alinitafuta kwa macho mpaka akanipata.

"Mwanangu, nilikukataa. Nikasema damu yako ni chafu, nami naimba mbele za Mungu. Nisamehe."

Nilikuwa nimeliandaa jibu la siku hiyo tangu usichana, na lilikuwa kali. Nililiacha.

"Sijui kama nimeshakusamehe, mama," nilimwambia. "Nitajaribu. Njoo nikushike, hapa panateleza."

Tangu hapo nimerudi kanisani, huku huku Chapwa. Hasira hunijia bado, ila hainikalii kama zamani. Kule Hasamba mawe yale yamesafishwa na kuwekewa msalaba mmoja wa mti.

Siku ile nilimteremsha yule mama hadi barabarani, mimi nikiwa kulia kwake, amenielemea begani. Mkono wake wa kushoto aliunyoosha pembeni njia nzima, vidole vimejikunja, kama anayeongozwa na mtu. Sikumuuliza. Naye hakuushusha.