Tuzo ya Pili ya Mjomba

Mjomba alifika nyumbani kwangu Kiseke, mjini Mwanza, siku moja tu baada ya mimi kuteremka kwenye ndege, miguu bado imenivimba. Alitoka Misungwi na jogoo mkononi, kamfunga miguu kwa kamba ya katani. Nikamwamkia, "Shikamoo, mjomba." Hakuitikia. Alisimama mlangoni akanikazia macho, akauliza, "Tumeshinda au tumeshindwa?"

Nikasema, "Tumeshinda, mjomba."

Ndipo akasema marahaba.

Leo nina wajukuu, na nikilikumbuka jibu lile masikio bado yananiwaka moto. Hatukushinda. Tulikuwa wa pili.

Najua mtu wa mbali atasema, wa pili si haba, mama, kwa nini udanganye? Huyo hajazaliwa Usukumani. Kwetu, mavuno yakishaingia ghalani, vikundi viwili vya ngoma hukutana uwanja mmoja, kila kimoja upande wake, vikapiga kwa wakati mmoja. Jaji hakuna. Watazamaji ndio wanaoamua, kwa miguu yao. Anayependezwa na upande huu huja huku, akichoshwa anahamia kule, na jua likiinama wanatazama nani kabaki na watu. Sasa kwenye mashindano ya namna hiyo wa pili ni nani? Ni yule aliyebaki na ngoma zake na wake zake. Mjomba alikuwa kiongozi wa kikundi kwa zaidi ya miaka ishirini, anacheza na chatu shingoni, na kwa majivuno sijaona mfano wake. Akipita sokoni ungedhani soko kalijenga yeye.

Filamu yenyewe, ile niliyomrekodi mjomba ikanipandisha ndege, ilianza kwa bahati tu. Ilikuwa miaka ile ya ruksa, kila mtu anafungua duka, kila harusi mjini Mwanza inataka video. Nilikuwa mpiga picha kwenye studio ya mtu, na bosi wetu aliponunua kamera ya video, wanaume pale walipenda kuibeba begani waonekane, lakini kusoma kile kitabu cha maelekezo, thubutu! Nikakisoma mimi. Basi Jumapili isiyo na harusi naiazima kamera, napanda gari hadi Misungwi, namrekodi mjomba. Akimlisha chatu. Akigombana na wapiga ngoma. Akibambua karanga huku anatunga wimbo wa kumtukana hasimu wake wa kijiji cha jirani. Nilimfuata hivyo msimu mzima.

Mgeni mmoja wa kizungu, niliyekutana naye harusini, akaiona ile kazi, akaomba nakala ya kanda, akaipeleka kwenye tamasha la filamu huko kwao. Wakaniita. Nilikwenda na koti la mtumba la soko la Mlango Mmoja, kubwa hadi magotini, la kiume. Siku sita wanaonyesha filamu, asubuhi hadi jioni, za nchi ambazo nyingine sikuzijua hata zilipo. Siku ya mwisho wakataja mshindi wa pili, nikasikia jina langu likitamkwa vibaya. Nilipanda jukwaani nalia. Watu walisimama kunipigia makofi! Nikapewa kisanamu cha kioo na cheti, na njia nzima ya kurudi nilikipakata kile kioo, sikukubali kukiweka juu na mizigo. Furaha ile ilikuwa halali yangu. Ndiyo maana najichukia zaidi.

Nilijiambia nitamweleza akishakunywa chai. Chai akanywa, jogoo akachinjwa, na kabla sijafungua mdomo mjomba alikuwa ameshaanza kugonga meza kwa vidole, anatunga.

"Nimepiga ngoma huku, wamehama ng'ambo ya bahari! Wewe jirani, utabaki na nani?"

Aliimba mara tatu, akacheka mpaka akashika mbavu. Ningemkatizaje?

Akarudi kwao kutangaza sherehe. Mshindi hula na aliyeshindwa, hivyo akampelekea mwaliko yule hasimu wake pamoja na kikundi chake chote. Nikasikia atachinja dume, na si dume tu, lile la kulimia, alilokuwa akilisifu kuliko wanawe. Nikasema hapana, Jumamosi nakwenda kumwambia ukweli, liwalo na liwe. Nikaenda kweli. Nilimkuta juu ya ngazi anapaka nyumba chokaa, nywele zote nyeupe, akapiga kelele, "Mama wa ushindi huyo amekuja!" Nilishinda kutwa namenya viazi na wajomba wengine, jioni nikarudi mjini na ukweli wangu tumboni. Mwoga mimi! Kupanda ndege niliweza, kumwambia mzee wangu sentensi moja nikashindwa.

Siku ya sherehe watu walijaa hadi kwenye uzio wa minyaa. Kisanamu na cheti vilikaa juu ya meza, juu ya kitambaa cha kufuma, na mimi nilikuwa nyuma ya kamera kama kawaida yangu. Mjomba akapiga wimbo wake. Wapiga ngoma hawajawahi kupiga vile. Yule hasimu alikaa kwenye kiti cha mgeni, akila kwa adabu kama inavyompasa aliyeshindwa. Nyama ilipokwisha akasimama.

"Jirani, nimekubali," alisema. "Lakini sisi tunaimba tu, hatujui kilichoandikwa. Mwalimu yupo hapa. Atusomee, na sisi tusikie kwa masikio yetu."

Mwalimu alikuwa mama mmoja Mhaya, mstaafu, aliyehamia pale kijijini na kuheshimika na pande zote mbili. Mjomba akafurahi kuliko watu wote. Yeye mwenyewe ndiye aliyemkabidhi cheti, kwa mikono miwili.

Wakati bado ulikuwepo. Ningeweza kupiga hatua nne nikamnyang'anya. Nilijifanya nakaza parafujo ya kamera.

Mwalimu alivaa miwani, akasoma kimoyomoyo kwanza. Akaninyanyulia macho, nikayakwepa. Sidhani alitaka kutudhuru, ila mwalimu ni mwalimu, amepewa asome. Akasoma akitafsiri kwa Kiswahili, polepole, kwa sauti ya darasani: jina la tamasha, jina langu, kisha, "zawadi ya pili."

Hakuna aliyecheka. Afadhali wangecheka. Hasimu wa mjomba alikung'uta suruali, akawatazama watu wake, akaanza kutembea kuelekea upande wa pili wa uwanja. Wakamfuata. Kisha wakafuata na wengine waliokuwa wa kwetu, mmoja mmoja, wengine na kipande cha nyama bado mkononi, mpaka upande wetu ukabaki meza, ngoma na sisi wa nyumbani. Walipofika kule wakaimba ule ule wimbo wa mjomba. Utabaki na nani? Hawakubadilisha hata neno moja. Nilitamani ardhi ipasuke initie ndani.

Mjomba aliingia ndani, nikamfuata. Alikuwa amekaa kitandani. Nilipiga magoti, nikasema, "Mjomba, nisamehe." Akanyoosha mkono kunizuia.

"Filamu zilikuwa ngapi?"

"Nyingi, mjomba. Walionyesha siku sita."

"Za nchi mbalimbali?"

"Ndiyo."

"Na wote hao tuliwapita, isipokuwa mmoja?"

"Ndiyo, mjomba. Isipokuwa mmoja."

Huko nje bado walikuwa wakiimba.

"Hilo ningeweza kuliimba," alisema. "Ningelitungia wimbo mzuri tu, na yule asingekuwa na la kujibu. Kwa nini hukuniambia?"

Ningeweza kusema niliogopa atakasirika. Lakini huo ungekuwa uongo wa pili, na mdomo wangu ulikuwa umeshachoka. Ukweli ni kwamba nilimwona mshamba. Nilimrekodi msimu mzima, nikaona jinsi anavyopima neno moja asubuhi nzima, kisha nikaamua kwamba mtu asiyejua kusoma hawezi kuelewa kuwa wa pili kati ya wengi. Alinitazama usoni akayasoma yote, maana usoni hakuhitaji mwalimu.

"Haya, mama," akasema. "Nenda ukawahi gari."

Msimu uliofuata hakupiga ngoma. Alimgawa chatu, akakabidhi kikundi kwa kijana wa ukoo. Watu mjini waliokuwa wameiona filamu walikuja studio kuniuliza habari zake, kwa nini mzee yule haonekani tena uwanjani. Kabla sijajibu wanajijibu wenyewe, ah, atakuwa amezeeka. Nami nawaitikia kwa kichwa.