Picha ya Kifua cha Shangazi Kabula

Nakumbuka siku niliyopiga vigelegele ndani ya hospitali mpaka wagonjwa wakainuka vitandani. Weee! Cheka tu, mwanangu, lakini nisikilize, maana juzi umeniambia kipimo cha moyo huendi, eti titi limepona na hospitali umeichoka.

Ilikuwa miaka ile ya vijiji vya ujamaa, nami msichana wa kuolewa kesho keshokutwa. Shangazi yangu Kabula, dada yake baba, alikuwa amekatwa titi kwa saratani, na kidonda kilipona vizuri. Waulize wazee wa Misungwi habari zake! Yeye ndiye aliyeanzisha wimbo katika shamba la pamba la kijiji: ngoma inalia, majembe yanarushwa juu na kudakwa, watu wanalima huku wanacheza. Sasa akawa anakatisha wimbo ili apumue, na jioni miguu imevimba. Sisi tukasema ni uzee. Yeye akasema ni udongo wa mbugani, mzito. Kila mtu na lake.

Siku ya kurudi kwa daktari tukavuka kwa feri kwenda Sengerema akapigwe picha ya kifua, ijulikane kama saratani imehamia mapafuni. Njia nzima roho yangu ilikuwa mkononi. Mpiga picha akamwambia, "Mama, vuta pumzi, ibane." Shangazi akavuta, akashindwa kuibana, akakohoa. Ikabidi warudie.

Daktari akaiweka picha kwenye kioo chenye taa, nikaruhusiwa kuchungulia. Mwanangu! Mbavu za shangazi yangu hizo hapo, nyeupe, zimepangana kama za samaki sato aliyeliwa! Daktari akasema, "Mapafu ni safi. Saratani siioni." Ndipo nikaviachia vile vigelegele.

Muuguzi mmoja mtu mzima, mama wa Kihaya, akanishika mkono. "Binti, nyamaza kwanza. Umesikia ulilolifuata, basi umeziba masikio. Daktari hajamaliza."

Nikanywea. Daktari akaweka kidole katikati ya picha, palipokuwa na kivuli kikubwa kimetanuka kuelekea kushoto. "Huu ni moyo. Umekuwa mkubwa kuliko inavyotakiwa, umechoka. Akirudi kwenye jembe atatuangukia shambani."

Shangazi akawaka. "Titi nimewapa, sasa mnataka na jembe? Wimbo ataanzisha nani?"

Muuguzi wala hakupandisha sauti. "Kwani mama, wimbo unatoka kwenye jembe au kinywani?"

Shangazi akamkazia macho, kisha akacheka mpaka kikohozi kikamrudia. Nami nikacheka, machozi yananitoka, maana nilijua amekubali.

Akapewa vidonge, akakatazwa chumvi, jambo alilolinung'unikia kuliko yote. Msimu ule alikaa kwenye kigoda kandoni mwa shamba akaimbisha watu tangu asubuhi, tena akiwatania wavivu kwa majina yao! Miguu ikapungua uvimbe. Akaniona naolewa. Na ulipozaliwa wewe, mtu wa kwanza kukupakata baada yangu alikuwa yeye.

Basi, mwanangu, kikulacho ki nguoni mwako. Kupona titi ni furaha kubwa, nami nimeshangilia kuliko wote, lakini titi si mwili mzima. Daktari wako amekueleza kwamba dawa kali za saratani na ile mionzi vinaweza kuuchosha moyo bila wewe kuhisi lolote. Ndiyo maana anataka kuuona mapema. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Tena siku hizi wanauona moyo kwenye skrini huku unadunda. Loo, hata mimi natamani kuutazama! Ukiwa huko, usitoke kabla hujamuuliza daktari, "Na moyo unasemaje?" Ukihema ovyo au miguu ikivimba, sema siku hiyohiyo, usijitafutie sababu.

Kesho tunakwenda wote. Kitenge changu nimeshakipiga pasi. Mungu aulinde moyo wako huo, udunde mpaka nawe uitwe bibi, uwachoshe wajukuu kwa maneno mengi kama mimi. Haya, kalale.